Mpwa Asiye na Mshahara: Undugu, Ujuzi na Jina Katika Biashara ya Familia

Gunia la mahindi la kilo 90 hutoa gorogoro 40, yaani makopo ya kupimia nafaka, ukipima kwa haki. Chukua kibanda cha nafaka pale soko la Kibuye, Kisumu, nchini Kenya, kinachouza magunia 30 kwa mwezi. Tuseme gunia linanunuliwa kwa shilingi 4,000, usafiri na upakuaji ni 150, na gorogoro inauzwa 120. Kila gunia linarudisha 4,800 na kuacha 650. Kwa mwezi ni 19,500. Toa kodi ya kibanda 4,000, toa 1,500 ya mlinzi na ushuru wa soko, unabaki na 14,000. Mwenye kibanda akiulizwa atakwambia biashara inampa elfu kumi na nne, wala hakusudii kudanganya.

Ila kila jioni gorogoro moja huenda nyumbani. Kwa mwezi hizo ni gorogoro 30, ambazo kwa bei ya kununulia ni kama 3,100. Kwenye droo hutoka shilingi 200 kwa siku, za mboga, nauli na mchango wa hapa na pale: 6,000. Zinazobaki kibandani ni 4,900. Halafu yuko kijana anayefungua saa kumi na mbili asubuhi, anayebeba, anayepima, anayefunga giza likiingia. Ni mtoto wa kaka yake mwenye kibanda, kutoka Siaya au Vihiga, aliyemaliza kidato cha nne akaletwa mjini kwa shangazi yake asikae bure. Halipwi. Mahali pake angewekwa mtu baki kwa shilingi 10,000, kila mwezi kungekuwa na pengo la 5,100.

Gorogoro ya jioni na hela ya mboga si hasara. Ni matumizi ya mwenye mali, na ndiyo sababu ya kufanya biashara. Kasoro ni kwamba hayaandikwi. Wala jasho la kijana haliandikwi, ingawa kwa hesabu hii lina thamani kubwa kuliko faida inayobaki. Utafiti wa Shirika la Takwimu la Taifa wa mwaka 2016 ulikadiria biashara ndogo na za kati nchini kuwa milioni 7.41, na zenye leseni zilikuwa milioni 1.56 pekee. Zilizobaki ni vibanda, meza za sokoni, cherehani za barazani na karakana za jua kali. Huko, ukitaka kujua kwa nini moja inakua na jirani yake inakufa, vitabu vya uhasibu havitakusaidia sana. Uliza nani ni ndugu ya nani, nani anamfundisha nani, na jina la nani liko kwenye ubao.

Nani amesimama wapi

Mwaka 1978 wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Renato Tagiuri na John Davis, walichora miduara mitatu inayoingiliana: mmoja wa familia, mmoja wa umiliki, mmoja wa kazi. Walikuwa wakifikiria kampuni za familia za Marekani, lakini mchoro wao unakaa sawasawa Kibuye. Shangazi mwenye kibanda yumo katika miduara yote mitatu. Mumewe aliyetoa mtaji wa kwanza kutoka kwenye mshahara wake yumo katika familia na umiliki, ila hajawahi kupima gorogoro hata moja. Mpwa yuko katika familia na kazi, bila umiliki. Binti aliye Nairobi ni wa familia tu, lakini moyoni anajihesabu mmiliki wa kesho. Mbebaji wa magunia yuko katika kazi peke yake, na mara nyingi ndiye pekee anayejua atalipwa nini na lini.

Sasa uingie msiba wa upande wa mume, na familia itakiwe shilingi 5,000. Kwa aliye katika mduara wa familia, hilo halina mjadala. Kwa mpwa, hizo 5,000 ni gunia zima ambalo Jumapili, siku ya soko kubwa, halitakuwepo. Kwa mume, ni mtaji wake unarudi kwao, kuna ubaya gani? Hakuna aliyekosea. Kila mtu anasema kweli ya pale aliposimama, na anayenyamaza kwa kawaida ni yule ambaye hana la kushika ila adabu, yaani mpwa.

Watu huambiwa "tenganisha familia na biashara." Ushauri huo hautekelezeki, na si mzuri vilevile, kwa sababu familia ndiyo iliyoleta mtaji, mlinzi wa usiku na wateja wa kwanza. Kinachowezekana ni kuiwekea kila sehemu njia yake ya kutoa hela. Mwenye kibanda ajilipe kiasi maalumu siku maalumu, tuseme 1,500 kila Jumamosi, badala ya kuchota 200 kila alasiri. Gorogoro ya nyumbani iandikwe kwenye daftari kwa bei ya kununulia. Isikatazwe, iandikwe tu. Michango ipewe fungu lake, mfano asilimia tano ya faida ghafi, ambayo kwa kibanda hiki ni kama shilingi 975 kwa mwezi. Fungu likiisha, jibu ni "la mwezi huu limekwisha, nitaanza na wewe mwezi ujao." Kunyimwa na daftari hakuumi kama kunyimwa na mtu.

Chama nacho kina kazi hii ambayo haitajwi sana. Mama anayetoa shilingi 1,000 kila wiki kwenye chama cha mzunguko anaweka akiba, ndiyo, lakini pia anazitoa hela hizo mahali zinapoweza kuombwa. Shemeji hawezi kubishana na hela ambazo tayari ziko kwa mama wengine kumi na wawili. Wengine hukubali hata kupokea zamu ya mwisho, ambayo kihesabu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa ajili ya ulinzi huo.

Mshahara unaoitwa ahadi

Mpwa analipwa, ila si kwa pesa. Anapewa kitanda, chakula, viatu wakati wa Krismasi, na sentensi moja: "Ukitulia, nitakufungulia chako." Sentensi hiyo ndiyo mshahara wenyewe. Mwaka wa kwanza inatosha kabisa. Mwaka wa tatu, kijana akiwa na mchumba na shangazi akiwa bado anasema "tulia," mambo mawili huanza. La kwanza ni kipimo. Gorogoro moja inayopimwa kwa rafiki bila kuandikwa, kisha mbili, na yeye haoni kama anaiba, anaona anajilipa malimbikizo. La pili ni kuondoka: siku moja anafungua kibanda hatua ishirini kutoka kwa shangazi, na nusu ya wateja wanamfuata, kwa kuwa yeye ndiye waliyekuwa wakimwona kila siku. Nyumbani kijijini kesi inakuwa ya utovu wa shukrani. Kiini chake ni ahadi isiyokuwa na tarehe wala kiasi.

Tarehe na kiasi vinaweza kuwekwa. Shilingi 3,000 kwa mwezi kwenye akaunti ya Sacco yenye jina la kijana, kwa miezi 24, ni 72,000 kabla ya gawio. Kwa bei tuliyotumia hapo juu hizo ni magunia 17 na ushee, mtaji kamili wa kuanzia. Kibanda chetu kinaacha 4,900 kwa mwezi, kwa hiyo hela ipo, ingawa kwa shida. Lingine la kukubaliana mapema ni mahali: atafungulia Ahero, Luanda, Bondo, popote, ila si mtaa huu huu, na kwa muda fulani atachukua bidhaa kwa shangazi kwa mkopo wa siku saba. Hapo mshindani anageuka kuwa tawi.

Huu si uvumbuzi mpya katika eneo hili. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, Allidina Visram, mfanyabiashara aliyetoka Kutch, India, alikuwa akitandaza maduka yake kuelekea Uganda. Mfumo wa dukawala, yaani wenye maduka wa Kihindi, ulioenea kwenye vituo vya reli ulikuwa na mpango unaoeleweka: kijana analetwa na ndugu au mtu wa kwao, anafanya kazi dukani huku akilala nyuma ya kaunta, anajifunza bei na lugha za wateja, kisha anapewa bidhaa kwa mkopo akaanze mji mwingine. Mkopo ulilindwa na jina la familia, kwa maana asiyelipa alifungiwa milango na jamii nzima. Ukali huo ndio ulioifanya ahadi iaminike.

Kinachofundishwa na kinachofichwa

Kuna utaratibu wa kujifunza nafaka ambao haujaandikwa na karibu kila mtu anaufuata. Mwanzo ni kupepeta, kuchambua mbovu na kushona midomo ya magunia. Kisha kupima, kazi inayohitaji mkono: gorogoro inayojazwa kwa kumwaga polepole na ile inayotikiswa hazichukui uzito sawa, na mteja wa Kibuye anajua. Kisha kuuza, kutaja bei na kushikilia. Baada ya mwaka au zaidi, kutambua unyevu.

Kipimo cha unyevu kinastahili kuelezwa vizuri kwa kuwa ndicho kinachookoa mtaji. Wenye uzoefu huuma punje na kusikiliza mlio, au huingiza mkono hadi katikati ya gunia kusikia joto. Hilo ni gumu kulifundisha kwa maneno. Njia ya chupa inafundishika siku moja. Anika chumvi juani kwa saa kadhaa mpaka ikauke kabisa. Tafuta chupa ya kioo kavu yenye kifuniko, ya kama mililita 750. Tia kijiko kimoja kikubwa cha chumvi hiyo, tia mahindi hadi thuluthi ya chupa, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na gunia hilo halifai kuwekwa. Isipoganda, bado usishangilie: mahindi ya kukaa ghalani yanatakiwa yawe asilimia 13.5 au chini yake, na chupa haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Kosa la kawaida ni kutumia chumvi moja kwa moja kutoka pakiti. Ina unyevu wake, kwa hiyo inaganda hata kwa mahindi makavu, na muuzaji asiye na hatia anarudishwa. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu ndio huleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika.

Somo la mwisho ni kununua: nani Kitale anauza mali kavu, nani anachanganya, dereva gani haibi njiani, ni mwezi gani bei hushuka, nani atakupa magunia kumi leo ulipe Jumatatu. Somo hili wenye maduka wengi hawalifundishi. Wanaogopa, na tumeona kwamba hofu yao ina msingi, kuwa kijana akiyajua hayo ataondoka. Gharama yake huonekana mwenye duka anapolazwa. Kijana anauza kilichopo kwa wiki mbili, bei zake nzuri, daftari safi, kisha magunia yanakwisha na hajui ampigie nani. Na hata akipata namba, muuzaji wa Kitale hamfahamu na anataka pesa taslimu.

Njia ya katikati ni kumtambulisha kabla ya kumfundisha. Mpwa aende Kitale na shangazi mara mbili tatu, asimame pembeni, aonekane. Mkopo wa magunia kumi hupewa uso, na uso huchukua misimu miwili kuzoeleka.

Mwanaanthropolojia wa Marekani Jean Lave alichunguza mafundi cherehani wa Liberia katika miaka ya 1970 na kukuta kwamba wanafunzi walianzia mwisho wa vazi: vifungo, pindo, pasi. Baadaye kushona. Mwishoni kabisa, kukata. Ukiingia kwa fundi wa sare za shule Kakamega utakuta mpangilio unaofanana, na mantiki ni ileile. Kifungo kilichoshonwa vibaya kinafumuliwa kwa dakika mbili. Kitambaa cha suruali kilichokatwa vibaya kimekwenda, na mwanafunzi asiye na kitu hawezi kukilipa. Tena aliyeshona mapindo mia moja anajua nguo iliyokamilika inavyokaa kabla hajashika makasi.

Hapa kuna jambo ambalo familia hazipendi kulisikia: mtoto wa wengine hujifunza haraka kuliko mtoto wa fundi. Mzazi wake amelipa karo ya miezi kadhaa, kwa hiyo kuna siku ya mwisho, na fundi anajua atadaiwa matokeo. Mtoto wa fundi hana siku ya mwisho. Anatumwa dukani, anatumwa kwa bibi, anashikishwa mdogo wake. Anafika miaka ishirini amezaliwa chini ya cherehani na hajui kukata kola. Tiba ni kumpeleka kwa fundi mwingine mwaka mmoja kwa karo, ikiwezekana mji wa pili, kisha afanye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la tatu kupanda hadi la kwanza. Cheti kina faida nyingine ya kinyumbani: humpa baba sababu ya kumwachia makasi bila kuonekana ameshindwa.

Jina kwenye ubao

Ubao ukibeba jina la Gem kwa Waluo, Bunyore kwa Waluhya au Nyeri kwa Wakikuyu, mpita njia anajua atasalimiwa kwa lugha gani. Wateja wa kwanza huja kwa hilo. Madeni ya kwanza pia. Fungua daftari la mkopo la kibanda chochote na utasoma: Mama Brian 240. Mwalimu 500. Yule wa boda nyekundu 120. Jirani ya Baba Shiru 90. Aliyeandika anawajua wote kwa sura. Asipokuwepo yeye, daftari hilo halidai mtu.

Hesabu ya deni ni kali kuliko inavyodhaniwa. Katika mfano wetu faida ya gorogoro moja ni shilingi 16 na senti 25, na gharama yake ni karibu 104. Gorogoro moja isiyolipwa hula faida ya nyingine sita na zaidi. Kwa hiyo deni lote lililo nje lisizidi faida ghafi ya wiki moja, yaani kama 4,900 hapa, na mtu mmoja asipite gorogoro nne. Andika jina la kitambulisho, namba ya simu, kiasi, na tarehe aliyoitaja yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Hiyo tarehe ni muhimu. Mtu wa kwenu hukasirika akidaiwa, ila si rahisi akasirikie maneno yake.

Mgeni katika mji ana nafuu moja: anaweza kukataa. Hana shangazi wa kumlaumu wala mazishi ya kila Ijumaa. Ndiyo sababu mfanyabiashara aliyetoka mbali mara nyingi hukusanya mtaji haraka kuliko mwenyeji anayeuza vitu vilevile. Lakini mgeni hana mtetezi mambo yakichafuka. Sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliwafungia wasio raia maeneo na bidhaa fulani, na familia nyingi za Kihindi zilifunga maduka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maduka yaliporwa na kuchomwa Kisumu, na ghasia zikafika Nakuru na Naivasha. Jina la ubao lililoleta wateja likawa ndilo la kumtambua mwenye duka. Wapo wafanyabiashara ambao tangu hapo wanagawa mali katika miji miwili, au wanatafuta mbia wa jamii ya pale. Ukiwauliza kwa nini wanalipa kodi mbili, jibu halimo kwenye kitabu cha mapato.

Utambulisho unaweza pia kugeuzwa mtaji kwa makusudi. Mwaka 1947 mwanasiasa Oginga Odinga alianzisha shirika la kuweka akiba na kufanya biashara la Waluo, likauza hisa kwa watu wa jamii hiyo, hata walioishi mbali, likamiliki mtambo wa kuchapisha na jengo la Ramogi mjini Kisumu. Wazo lilikuwa kwamba mtu ambaye hangeweza kufungua duka peke yake angeweza kumiliki kipande cha duka la watu wake. Shirika la namna hiyo hukabiliwa na mtihani ambao kibanda hakina: mwenye hisa haoni gunia, anaona jina. Hasara ikija anaihesabu kama kusalitiwa.

Kuna na jina lingine, la kwenye kitambulisho. Till au Pochi ya M-Pesa, ile namba ya kupokelea malipo ya wateja kwa simu, imesajiliwa kwa jina la nani? Leseni ya kaunti? Mkataba wa kibanda? Si ajabu kukuta leseni ni ya mume, laini ni ya mpwa kwa sababu siku ile ndiye aliyekuwa na kitambulisho mfukoni, na kibanda kimeandikwa jina la mwenye nacho wa zamani. Amani ikiwepo, hakuna anayejali. Ugomvi ukizuka, hela iliyo kwenye laini ni ya mwenye laini mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Kulipanga upya ni kazi ya siku mbili tatu na nauli.

Kwa mke, sheria ina jambo la kushika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu mchango usio wa pesa, na imetaja wazi usimamizi wa biashara ya familia na kazi za shambani. Mahakama ya Juu ilieleza Januari 2023 kwamba mgawanyo wa nusu kwa nusu haupatikani vivi hivi. Kila upande unaonyesha ulichochangia. Daftari lenye mwandiko wa mama kwa miaka minane ni ushahidi. Lisitupwe likijaa.

Mwenye duka akifa

Kwa biashara kubwa mambo haya huonekana peupe. Tuskys na Naivas, minyororo miwili ya maduka makubwa, yote mizizi yake iko Rongai, Nakuru, na yote iliona ndugu wakifikishana mahakamani kuhusu hisa. Tuskys ilizama, ingawa madeni ya wauzaji yalichangia pakubwa na si haki kuwabebesha ndugu mzigo wote. Naivas iliendelea, na mwaka 2022 kundi lililoongozwa na IBL ya Mauritius lilinunua asilimia 40. Walipokosana, hisa zilikuwepo, zenye namba. Kibanda hakina hisa.

Biashara iliyosajiliwa kwa jina la biashara tu haina uhai wake kisheria. Mwenyewe akifa, magunia, mizani na madeni yanakuwa mirathi kama ng'ombe na kitanda. Pasipo wosia, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ndiyo inayopanga. Mjane mwenye watoto hupata vyombo vya nyumbani moja kwa moja, na haki ya kutumia mali iliyobaki maisha yake yote. Baadaye watoto hugawana sawa, wa kiume na wa kike. Kwa mwenye wake zaidi ya mmoja, mali hugawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na kila mjane huongezwa kama mtu mmoja. Nyumba ya kwanza ina watoto wanne na mama yao: watano. Ya pili ina wawili na mama yao: watatu. Mali ya 400,000 inakuwa 250,000 na 150,000.

Angalia kisichokuwepo katika hesabu hiyo. Kijana aliyefungua kibanda saa kumi na mbili asubuhi kwa miaka kumi hapati zaidi ya ndugu yake aliye Mombasa. Mpwa hana fungu kabisa, isipokuwa marehemu alikuwa akimtunza kama mtoto wake na mahakama ikubali. Anayetaka kazi ihesabiwe aihesabu akiwa hai: ubia ulioandikwa, hisa katika kampuni, au wosia. Wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili, na shahidi asiwe mrithi, la sivyo alichoachiwa kinaweza kubatilika. Wosia wa mdomo nao unakubalika, mradi umesemwa mbele ya mashahidi wawili na msemaji afe ndani ya miezi mitatu. Baba aliyetamka sikukuu ya Krismasi na akafariki Juni hajaacha wosia.

Kati ya kifo na mgawanyo kuna kipindi kirefu. Ombi la usimamizi wa mirathi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi kwa siku 30, na barua za mahakama za usimamizi zikishatolewa kwa kawaida huthibitishwa baada ya miezi sita. Kabla ya hapo, anayeuza au kugawa mali ya marehemu bila idhini anatenda kosa, lenye faini ya hadi shilingi 10,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Wengi huvunja sheria hii bila kujua, kwa kufungua kibanda Jumatatu baada ya mazishi. Mahindi hayangoji, fukusi wakiingia, ndani ya wiki chache gunia ni unga. Sheria imeacha mlango: mahakama yaweza kutoa barua ya muda, ya kukusanya na kuhifadhi mali tu. Familia ihesabu magunia siku ileile, watu wawili kutoka kila nyumba watie sahihi, mmoja apeleke ombi akieleza kwamba mali inaharibika, na mauzo yote yaingie akaunti moja isiyoguswa. Barua hiyo haimpi mtu ruhusa ya kugawa hata gorogoro moja, hata ile ya jioni.